Mhakiki Aliyezikwa Februari

Ilipofika saa nne na robo asubuhi, Inspekta Kijakazi Uwesu alikuwa amebakiwa na muda usiofika saa tano wa kuamua kama kijana Jovin ni mhalifu au ni mjinga tu. Alikamatwa jana saa tisa alasiri. Sheria inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa tisa leo, na Afande Celina, mkuu wa upelelezi, alikuwa ameshaandaa hati ya mashtaka: kughushi ripoti ya mhakiki, na kusababisha vifo kwa uzembe. Ilikosekana sahihi ya mpelelezi tu, yaani ya Kijakazi mwenyewe.

Alikuwa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya malori, katika ofisi ya Jarida la Maji na Afya. Ofisi yenyewe chumba kimoja na kijichumba cha mhariri, meza tatu, feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Huko chini mafundi walikuwa wakigonga springi, na kila nyundo ilimwingia Kijakazi kichwani. Ukutani bado lilining'inia bango la uzinduzi: MAKALA FUPI. KURASA MBILI, MHAKIKI MMOJA, SIKU SABA. Maputo mawili yaliyosinyaa yalikuwa yamesahauliwa kwenye kona yake.

Ungedhani siku saba ni jambo la kushangilia, na kwa kweli walishangilia. Zamani makala katika jarida hili ilisomwa na wahakiki watatu, wataalamu wa fani ile ile, na ilichukua mwaka mzima kabla ya kuchapwa. Dokta Pius, mhariri mkuu, akaja na utaratibu mpya: makala ya kurasa mbili, mtaalamu mmoja tu wa kuipima, wiki moja iwe imetoka. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Jovin, fundi sanifu wa maabara. Ilisema dawa ya maji ya pakiti inayouzwa Kariakoo, hata ikikaa miezi sita, bado inaua vimelea. Kijiko kimoja kwa ndoo moja, basi. Redio zikaidaka. Kisha mvua zikapiga, bonde la Jangwani likajaa, watu wakaacha kuchemsha maji kwa sababu wataalamu wamesema. Sasa watu ishirini na tisa walikuwa wamelazwa na watatu wamezikwa. Mmoja wao alikuwa na miaka minne.

"Afande, hii ngoma imeisha," alisema Koplo Beno, akiweka faili mezani. "Cheki mwenyewe."

Kijakazi aliangalia. Ripoti ya mhakiki ilikuwa ukurasa mmoja, mistari minne. *Nimeisoma makala. Naridhika nayo. Ichapishwe kama ilivyo. Profesa Mwinyimvua.* Tarehe tisa Machi.

"Profesa kazikwa tarehe tatu Februari," Beno aliendelea. "Maiti haihakiki. Huyu Jovin alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa anamsaidia mambo ya kompyuta, neno la siri la imeili yake analijua. Jana si kakiri mwenyewe kwamba analijua? Kajiandikia, kajipitishia."

"Ungekuwa unajisifia mwenyewe, Beno, ungetumia mistari minne?"

Beno alikuna kidevu. "Mimi ningejaza daftari."

"Ndiyo hivyo."

Lakini hilo halikuwa ushahidi, na alijua Afande Celina angemcheka. Alimgeukia katibu wa ofisi, binti mmoja anayeitwa Scholastika, ambaye tangu waingie alikuwa amekaa wima kwenye ncha ya kiti.

"Mhakiki alichaguliwa na nani?"

"Na mimi, afande. Kuna orodha. Mimi nilianza kazi katikati ya Februari, sikujua kama amefariki. Jina lake lilikuwa na nyota."

"Nyota ya nini?"

"Ya wasiochelewa. Wengine unawabembeleza hadi unachoka. Yeye anajibu ndani ya siku mbili, miaka yote. Nikaona kwa makala fupi huyu ndiye."

"Akajibu."

"Siku ya pili tu, asubuhi. Nilifurahi, afande. Sikujua." Machozi yalianza kumlengalenga.

"Tulia. Ripoti ilipofika ulifanya nini?"

"Niliichapa, nikaigonga muhuri, nikaiandika kwenye daftari, nikampa Dokta mkononi."

"Nioneshe hiyo imeili."

"Haipo. Dokta aliniambia nifute za zamani, sanduku limejaa."

"Alikwambia lini?"

Scholastika alifikiri. "Siku hiyo hiyo mchana."

"Na daftari?"

Daftari lilikuwepo. Kwa kuwa siku saba zilikuwa zikihesabiwa kwa saa, Scholastika alikuwa anaandika kila karatasi iliyoingia. Kijakazi alishuka na kidole mpaka tarehe tisa Machi. *Saa 3:20 asubuhi. Ripoti ya mhakiki. Kurasa 3. Imekabidhiwa kwa Mhariri.*

Alirudia faili. Ukurasa mmoja. Akaligeuza faili juu chini, akalitikisa. Halikudondosha kitu.

"Kurasa tatu," alisema taratibu. "Una uhakika?"

"Nilizibana kwa pini, afande. Karatasi moja haibanwi."

Mlango wa kijichumba ulifunguliwa, akatoka Dokta Pius. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alisalimia kwa upole wa mtu aliyelala vibaya siku kumi. Kijakazi hakumpa nafasi ya kukaa.

"Profesa Mwinyimvua ulimfahamu?"

"Alinifundisha. Wote hapa alitufundisha."

"Mazikoni ulikwenda?"

"Tulimsindikiza mpaka makaburini."

"Halafu tarehe tisa Machi ukapokea ripoti yake. Hukushtuka?"

Dokta alizinyoosha kalamu mfukoni.

"Sikuangalia jina," alisema Dokta Pius.

"Uzinduzi ulikuwa tarehe kumi na tatu. Kadi zilishatoka?"

"Zaidi ya mia mbili."

"Makala nyingine ya kuziba pengo ilikuwepo?"

"Haikuwepo. Ndiyo ilikuwa ya kwanza."

"Ripoti ilikuwa na kurasa ngapi?"

"Hiyo hiyo unayoiona."

"Daftari linasema tatu."

Dokta alimtupia Scholastika jicho, mara moja tu. "Binti ni mgeni wa kazi. Amekosea. Inspekta, mimi nawaombea wagonjwa usiku na mchana, lakini aliyefaidika na makala ile ni mmoja, na mnaye."

Alirudi chumbani kwake na kufunga mlango bila kelele. Kijakazi aliona mkono wake ulivyotafuta kitasa mara mbili kabla ya kukipata.

Walishuka ngazi. Beno alikuwa na wasiwasi sasa, na Beno akiwa na wasiwasi huongea. "Kwa hiyo Dokta kachomoa ripoti ya kweli, kaweka ya kwake. Ila ya kweli kaileta nani, afande, kama mzee yuko kaburini? Na daftari la binti wa mwezi mmoja na nusu litasimama mbele ya Dokta?"

"Halitasimama. Ndiyo maana tunakwenda kumtafuta aliyeiandika."

"Wapi?"

"Barua pepe ya marehemu iko kwa marehemu. Magomeni."

Njia ya gari ilikuwa imejaa mikokoteni, wakakata kwa miguu hadi Mtaa wa Kongo ambako Beno alikuwa ameegesha. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka na hasira zake. Pembeni ya barabara, juu ya turubai, kati ya soksi na chaja za simu, kulikuwa na pakiti za dawa ya maji zimepangwa safu safu, zimepauka. Kijakazi aliinama akaokota moja. Ilikuwa ya moto.

"Hizi zinakaa hapa siku nzima?"

"Sista, hizo nyingine toka Krismasi," alisema muuzaji. "Ila bado kali, wamesema mpaka redioni. Chukua tatu."

Kijakazi alinunua mbili, akaziweka kwenye bahasha ya ushahidi. Maneno ya Jovin ya jana yalikuwa yakimrudia. Kijana alisema pakiti alizopima yeye zilikaa kwenye kabati la maabara, gizani, penye ubaridi. Aya nzima aliiandika kuhusu hilo, akionya kwamba za juani ni habari nyingine. Dokta akamwambia aya hiyo haiingii kwenye kurasa mbili. "Nikakubali," alisema Jovin, akitazama sakafu ya chumba cha mahojiano. "Mkataba wangu unaisha Aprili, afande. Nilitaka jina langu litoke mapema." Kijakazi alimchukia kidogo kwa jibu lile, na alimwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Jangwani ilikuwa imefungwa. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara, hata mabasi ya mwendokasi yalikuwa yanageuzwa, na askari wa usalama barabarani alitikisa kichwa kabla hawajauliza. Wakazunguka kwa Kigogo, nyuma ya foleni iliyosogea hatua kwa hatua. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Simu ikaita.

"Kijakazi," alisema Afande Celina, "gari la mahabusu linaondoka saa nane na nusu. Wewe unasaini au nisaini mimi?"

"Nipe mpaka saa nane na nusu, afande."

"Una nini mkononi?"

"Kurasa mbili zilizopotea."

"Ninao maiti watatu, mwanangu, na redio zinanipigia," alisema Celina, na simu ikakatika.

Nyumba ya Profesa ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, karibu na soko. Msichana wa miaka ishirini na kitu, ushungi mweusi, alisimama mlangoni akauziba kwa mabega. Alijitambulisha kuwa ni Najma, binti wa marehemu.

"Mama yuko eda," alisema. "Siku ya hamsini na saba leo. Haonani na wanaume."

"Koplo atakaa hapa barazani. Mimi nina dakika chache tu, mdogo wangu. Simu na kompyuta ya baba anashika nani?"

Najma alikaza ushungi. "Mimi."

"Tarehe tisa mwezi huu kuna ripoti ilitumwa kwa jina lake."

"Ni mimi." Ilitoka haraka mno. "Nasoma famasia, mwaka wa pili. Iliingia, nikaijibu. Nilikuwa nimechanganyikiwa na msiba. Kama ni kosa, nikamateni mimi."

Beno alinyanyuka kutoka barazani. Kijakazi alimwashiria akae.

"Vizuri," alisema. "Kwenye ripoti yako ulikubali makala au ulikataa?"

"Nilikubali. Ilikuwa nzuri."

"Ukaandika kurasa tatu za kukubali?"

Najma aligeuza macho ndani. Kutoka chumba cha ndani, sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema, bila kupanda, "Najma, muache. Mpitishe huyo dada."

Kijakazi alivua viatu. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha nusu. Bi Mwanamkuu alikaa kwenye mkeka, nguo nyeupe ya eda mwili mzima, mgongo umeegemea ukuta. Pembeni yake kulikuwa na rafu ya majalada, na karatasi zilizochomoza zilijaa wino mwekundu, mwandiko wa duara, wazi, mwandiko wa ubaoni.

"Shikamoo, mama. Na poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Alimtazama Kijakazi alivyokuwa akiangalia rafu. "Ni mwandiko wangu. Nilifundisha kemia miaka ishirini na sita."

"Kwa hiyo ulikuwa ukimwandikia. Yeye macho yalimwisha lini?"

Najma, mlangoni, alianza kulia kimya kimya.

"Miaka kumi na moja sasa," alisema mjane. "Sukari. Mwanzoni nilimsomea, akasema, nikaandika. Alikuwa ananiuliza, wewe Mwanamkuu unaonaje? Tukabishana, wakati mwingine mpaka chai ikapoa. Baadaye akawa anasema, andika unavyoona. Miaka minne ya mwisho kumbukumbu zilimtoka. Nilikuwa namsomea, anatabasamu, anashika mkono wangu. Ndizo ripoti walizokuwa wakipokea."

"Na hii ya mwezi huu?"

"Ilikuja mwezi mmoja na siku chache baada ya kumzika. Sikutaka hata kuifungua. Nikaifungua." Alinyoosha nguo juu ya magoti. "Mle ndani imeandikwa, mhakiki asipojibu ndani ya saa sabini na mbili, mhariri ataamua mwenyewe. Nikaisoma makala. Kijana kapima vizuri, lakini hasemi dawa aliihifadhi wapi. Mimi nanunua pale Kongo. Nazijua zile pakiti, zinaungua. Nikaona watu wataamini. Nikaandika kurasa tatu, nikasema isichapishwe mpaka iongezwe sehemu ya jinsi dawa ilivyohifadhiwa."

"Kwa jina lake."

"Kwa langu nani angeisoma?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Ningekuwa nani? Mke wa fulani."

Kijakazi alitazama saa yake kwa kuibia. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Alijionea aibu, na hakuacha.

"Mama, unakumbuka kurasa hizo?"

"Zimo kwenye kompyuta. Na nakala nimechapa, iko hapo rafuni."

"Dokta Pius aliziondoa, akaweka mistari minne ya kwake. Nadhani alitazama jina akajua hakuna wa kumhoji. Marehemu hawezi kulalamika, na aliyeandika hawezi kujitokeza."

Bi Mwanamkuu alifumba macho. "Niliisikia redioni," alisema. "Nikasema labda wamerekebisha. Nilitaka kupiga simu kuuliza, nikaweka simu chini. Kila siku nanyanyua, naweka chini. Halafu wakasema yule mtoto wa Jangwani. Tangu hapo sijalala, dada. Nakaa hapa naambiwa namlilia mume."

Kijakazi alitamani kumwacha mama huyu na eda yake, afunge mlango, aende zake. Lakini mahabusu kulikuwa na kijana, na gari linaondoka saa nane na nusu.

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi," alisema. "Sasa hivi. Bila hayo, ndani ya nusu saa Jovin anapelekwa kusomewa mashtaka ya kughushi ripoti hii na ya vifo vitatu. Sikudanganyi: ukisaini, wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kutumia jina la marehemu. Na ripoti za miaka kumi na moja zitafukuliwa zote."

"Mama, usisaini," alisema Najma. "Baba watamwita tapeli. Mtaa mzima. Chuo kizima."

"Jovin ndiye yule mwembamba?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Ndiye."

"Alikuja kwenye hitima ya arobaini. Aliosha masufuria mpaka magharibi, hakuongea na mtu." Akainua macho. "Hakujua kwamba ripoti ni yangu?"

"Mwandishi haambiwi mhakiki wake ni nani."

"Basi hata kunilaumu hawezi." Alinyoosha mkono. "Lete karatasi. Najma, mpe yule koplo barazani kompyuta ya baba yako. Na ile nakala, ya juu kabisa, jalada la kijani."

Kijakazi aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika. Mjane alisema polepole, kwa mpangilio, tarehe baada ya tarehe, na hakujitetea popote. Najma alileta kurasa tatu. Kijakazi alizipitia akiwa anaandika. Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari uliopigwa wino chini: *Pakiti zilizokaa juani zisidhaniwe kuwa sawa na hizi.*

Saa nane na dakika ishirini. Alimsomea maelezo yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka, kuanzia juu: jina, umri, makazi, dini, kazi.

"Hapo kwenye kazi umeandika nini?"

"Mwalimu mstaafu."

"Nipe kalamu."

Bi Mwanamkuu alivaa miwani. Alikata maneno mawili kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake, kwa ule mwandiko wa duara: *Mhakiki wa makala, miaka kumi na moja.*

"Mama," alisema Kijakazi, "mwendesha mashtaka ataanzia hapo hapo."

"Na aanzie."

Akasaini, jina lake lote. Najma alikuwa amekaa chini kando yake, kichwa begani kwa mama yake.

Kijakazi alitoka hadi ukumbini, peku, akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Afande Celina alisikia injini ya gari ikiunguruma uani mwa kituo.

"Afande, mshusheni Jovin kwenye gari. Mhakiki nimempata."

"Mhakiki yupi? Si tumeambiwa alizikwa Februari?"

Kijakazi aligeuka. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona Bi Mwanamkuu amevuta jalada la kijani magotini, anapanga kurasa zake tatu zikae sawa, akisubiri kuulizwa.

"Hapana, afande," alisema. "Yupo hapa, niko naye."